Shemeji anataka kukausha kinamasi, na korongo wametotoa humo

Swali: "Mimi ni mjane, nalima ekari nane upande wa Sinyerere, Trans Nzoia. Sita ni mahindi na maharagwe, mbili za chini ni kinamasi. Shemeji yangu anataka tuchimbe mtaro mwezi wa kwanza tuzikaushe hizo mbili. Anasema tutatoa magunia ishirini kwa ekari. Lakini humo mna korongo wale wenye taji, wametotoa, na kijana wangu alileta kifaranga mmoja nyumbani akamweka jikoni na wale wa kuku. Asubuhi pia tunaona nyayo za mnyama ambaye si mbuzi, kwato ndefu zilizoachana. Jirani ananiambia serikali ikisikia kuna wanyama wa ajabu itachukua shamba. Nikiacha kinamasi kilivyo, nitalipwa na nani? Hatimiliki bado ina jina la marehemu."

Jibu:

Dada, pole kwa kufiwa, na asante kwa kueleza kila kitu bila kuficha.

Suala la kifaranga tulilimaliza kwenye simu siku ile ile, ila nalirudia kwa sababu naulizwa kila mwaka. Mtoto wa korongo hutoka kiotani mapema sana baada ya kuanguliwa, akawafuata wazazi nyasini. Ukimkuta peke yake amelala chini, hajatupwa. Amejificha, na wazazi wako karibu wakingoja uondoke. Arudishwe pale pale alipookotwa, siku hiyo hiyo, kabla ya giza, mbwa wakiwa wamefungwa, kisha watu waondoke kabisa. Akiwa ameshakaa nyumbani siku kadhaa, wapigieni KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Kumfuga bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Wapo wanaopita vijijini wakinunua vifaranga hao kutoka kwa watoto. Mweleze kijana wako kwa upole, asionekane mhalifu. Kesho huyo ndiye atakayekuwa mlinzi wa kiota.

Ndege huyo tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hesabu yake imeshuka kwa zaidi ya nusu tangu enzi za wazazi wetu. Waya za umeme zinamuua, sumu inamuua, biashara ya vifaranga inammaliza, lakini kwa huku kwetu adui mkubwa ni mtaro. Korongo mwenye taji hula popote: shambani, malishoni, hata kando ya barabara. Kutaga ndiko kunakomhitaji apate maji ya kina kifupi na ndago ndefu, ambamo mbweha na mbwa wanaogopa kuingia kwa sababu ya tope. Kiota ni majani tu yaliyolazwa yakawa jukwaa, mayai mawili au matatu juu yake. Mama na baba hupokezana kuatamia karibu mwezi mzima, halafu watoto wanahitaji miezi miwili hadi mitatu na zaidi kabla hawajaruka. Mtaro mmoja uliochimbwa Januari unatosha kumaliza hayo yote.

Sasa zile nyayo. Kwato ndefu, nyembamba, zilizoachana mbele kama vidole viwili: kwa eneo lenu karibu nina hakika huyo ni nzohe, swala wa kinamasi. Kwato hizo ndizo zinazomzuia asizame topeni. Akitishwa anaingia majini na kubaki na pua tu nje. Hifadhi ya Kinamasi cha Saiwa, hapo jirani yenu, ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili yake. Ni mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, kilomita tatu hivi za mraba, na nzohe hasomi ubao wa mpaka. Kule Kingwal, Nandi, nzohe wanaishi kwenye kinamasi ambacho si mbuga kabisa, kimezungukwa na mashamba ya watu, wafyatua matofali na mikaratusi. Kwa hiyo wewe si mtu wa ajabu. Inakadiriwa kwamba asilimia kama 65 ya wanyamapori wa Kenya wako nje ya mbuga na hifadhi za serikali, kwenye ardhi za watu kama wewe.

Hofu ya jirani naielewa, kwani ardhi ya Trans Nzoia ina historia yake na watu wameshahamishwa zaidi ya mara moja. Lakini amekosea. Mnyama ni wa taifa, shamba ni la mwenye shamba. Hakuna kifungu kinachosema korongo akitaga kwako shamba linakuwa mbuga. Sheria ile ile ya 2013 inamruhusu mwenye ardhi, peke yake au na wenzake, kusajili eneo lake kuwa hifadhi akipenda. Akipenda, dada. Kwa ekari mbili sioni haja ya kukimbilia usajili. Ni makaratasi mengi kwa faida ndogo.

Kinachobana kinamasi chako ni maji yenyewe, na kingebana hata asingekuwepo ndege mmoja. Sheria ya Mazingira ya 1999 inakataza kukausha kinamasi bila kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kibali hakitolewi kabla ya tathmini ya athari. Kanuni za 2009 za vinamasi na kingo za mito zinaweka ukingo wa kulindwa kandokando ya mito, wa mita 6 hadi 30. Mwaka huo huo waziri wa mazingira, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na kwenye vyanzo vya maji, na wengi waliokuwa wameipanda kwa matumaini walipata hasara. Mwambie shemeji hivyo mapema, kwa heshima, kabla hajakodi vibarua. Faini ikija haitakuja kwa jina lake.

Lakini nisikimbilie sheria kama kwamba shemeji ni mjinga. Si mjinga. Udongo ule mweusi ukikauka, msimu wa kwanza unatoa mahindi ya kupendeza kweli, kwa sababu majani yaliyooza chini ya maji miaka na miaka ghafla yamepata hewa na yanaachia rutuba yote kwa mkupuo. Ndio maana kila anayechimba mtaro huwaonyesha majirani shamba la mwaka wa kwanza. Nenda ukaangalie la mwaka wa tano. Nimesimama kwenye shamba la namna hiyo mwezi wa pili, upande wa kusini wa Kitale: ardhi imedidimia chini ya usawa wa zamani, imepasuka nyufa za kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko, na ukiponda donge linakuwa vumbi jepesi kama jivu. Mvua ya Aprili ilipokuja, maji yalirudi palepale kwa sababu bonde ni bonde, mahindi yakasimama majini yakageuka manjano. Mwenye shamba alikuwa akizibua mtaro kila mwaka. Na kisima chake, kilichokuwa hakikauki, kikaanza kukauka Januari.

Hicho kisima ndicho ningekiweka mbele kwenye mazungumzo yenu. Kinamasi ni tangi lako. Kinapokea mvua ya milima ya Cherangani, kinaibana, kinaiachia polepole. Wewe unaona tope, ila kinachokunywesha ng'ombe wako Februari ni tope hilo. Na wa chini yako pia: maji yenu yanaishia Nzoia, na Nzoia inaishia Ziwa Victoria kupitia Budalang'i, ambako watu wanahama nyumba zao mto unapofurika. Kila bonde linalochimbwa mtaro huku juu linawapelekea maji yao yote kwa siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usikaushe. Wala usikifunge.

Hapa nina jambo la kukiri. Miaka iliyopita, kwenye shamba moja la Uasin Gishu, nilishauri kinamasi kizungushiwe waya, ng'ombe wasiguse, mtu asikate jani. Niliamini nakiokoa. Baada ya misimu miwili ndago na mafunjo yalikuwa yamepita kichwa changu, nyasi fupi za pembeni zimemezwa na vichaka, na korongo waliokuwa wakitaga pale hawakurudi. Korongo anataka ndago ndefu za kuficha kiota, na hatua chache tu kutoka hapo nyasi fupi ambamo watoto wataokota panzi, minyoo na vyura. Nyasi fupi hizo zilikuwa kazi ya ng'ombe na panga. Mwenye shamba alinikasirikia, na alikuwa na haki. Tangu siku hiyo simwambii mkulima aache kutumia kinamasi. Namwambia akitumie kwa zamu.

Fanya hivi. Mvua ndefu zikikolea, tembea na gambuti ukingoni kote na upige vigingi pale maji yanapoishia. Usikisie ukiwa nyumbani, maji yatakuonyesha. Ndani ya vigingi hakilimwi chochote. Juu yake, upande wa mahindi, panda mistari miwili au mitatu ya nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, ikifuata mkingamo wa mteremko. Itadaka udongo na mbolea inayoteremka, na utawakatia ng'ombe. Nepia usiishushe ndani ya vigingi, maana ikishika mle inaua kila kitu. Pembezoni, pale palipo na unyevu bila kusimama maji, weka nduma (magimbi). Soko la Kitale linaijua nduma, na bei yake haifuati bei ya mahindi. Hiyo ndiyo sehemu ya shemeji: mpe ukingo wa nduma aulime yeye. Mtu anayekuja na wazo la pesa hutulia akipewa wazo la pesa; mahubiri juu ya ndege pekee hayamtoshi.

Ndani ya kinamasi, gawa sehemu tatu kwa macho. Kila mwaka kata sehemu moja tu, kiangazi, kwa nyasi za kuezekea, matandiko ya ng'ombe na majani ya kukausha. Mbili ziache zimesimama. Usichome moto, moto unamkuta kifaranga asiyeweza kuruka. Na kabla ya panga kuingia, kaa mbali asubuhi mbili ukitazama. Korongo wa kwetu hawana mwezi mmoja wa kutaga ambao ningekutajia ukauweka kwenye kalenda, kwa hiyo angalia ndege wenyewe. Wawili wakishuka pamoja na kulisha pamoja, bado. Akionekana mmoja tu siku baada ya siku, na mwingine anajitokeza jioni kutoka mahali pale pale katikati ya ndago, hapo pana mayai. Usiende kuhakikisha, kwani njia uliyoikanyaga wewe ndiyo mbwa atakayoifuata. Pumzisha eneo hilo miezi minne, na kazi iendelee kwenye sehemu nyingine.

Ng'ombe wasiingie kunywa popote. Wape mlango mmoja, utandaze mawe, au bora zaidi uvute maji kwa mpira hadi kwenye birika nje. Nalisisitiza hili kwa faida ya ng'ombe kuliko ya ndege. Konokono wa majini ndio wanaobeba minyoo ya ini, na ng'ombe anayelisha topeni anaimeza pamoja na majani. Unamwona anakonda, taya limevimba chini, maziwa yanashuka, unanunua dawa kila mara na hujui anakoipata. Majani ya kinamasi yakaushe vizuri kabla ya kumpa.

Pampu ya kunyunyizia dawa usiisuuze hapo kamwe. Na korongo wakianza kufukua mbegu, jambo ambalo watalifanya, fukia mbegu vizuri, okota zilizomwagika, na weka mtu wa kuwafukuza wiki mbili za kwanza hadi mche ushike. Baada ya hapo wanakusaidia, maana wanarudi kula wadudu. Fidia ya serikali usiitegemee: orodha ya wanyama wanaolipiwa mazao ina akina tembo, nyati na kiboko, ndege hawamo. Sumu isitajwe nyumbani kwako. Kule Bunyala ndege walitegewa kwa kabofurani, sumu kali ya kuulia wadudu, mashambani mwa mpunga, wakauzwa, na nyama ile ililiwa na watu.

Miti: ukitaka kivuli na kuni, acha mikaratusi mbali na kinamasi. Weka miti ya asili ya huku: mkuyu, lusiola, musutsu. Na kama una mti mrefu wa zamani karibu na maji, usiuangushe. Korongo wengine wa dunia hulala wamesimama majini. Hawa wenye taji, pamoja na ndugu yao mweusi wa huko Sudan na Afrika Magharibi, ndio pekee wanaoweza kulala juu ya tawi, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu cha kushikia.

Umeuliza utalipwa na nani. Kwa uwazi kabisa, kwa sasa hakuna anayekulipa kwa ekari mbili. Usijipime na Soysambu, hifadhi binafsi ya pale Elmenteita yenye ekari 48,000 na mageti ya kulipia. Mfano ulio karibu zaidi na wewe ni Naivasha, ambako kuanzia mwaka 2010 watumiaji maji wa chini, wakiwamo wakulima wa maua, waliwapa wakulima wadogo wa juu vocha za pembejeo ili watunze miteremko na kingo. Kilichowezesha ni kwamba wakulima wale walikuwa kwenye jumuiya ya watumiaji maji, si mmoja mmoja. Ulizia jumuiya ya mto wenu. Na hapo hapo kwenu kuna kikundi cha Kipsaina cha korongo na vinamasi, wakulima wenyeji waliokwisha kufanya hili ninalokueleza, kwa mikono yao, kwa miaka mingi. Nenda ukawaone kabla ya kumsikiliza mgeni yeyote. Akija mtu wa biashara ya kaboni na fomu, akataka nakala ya hatimiliki na sahihi siku hiyo hiyo, mkaribishe chai, usitie sahihi.

Malipo yako mengine ni ya shamba: maziwa ya Januari na Februari wakati ya jirani yamekauka, nduma, nyasi, mizinga michache ya nyuki upande usiopitiwa na watu. Andika kwenye daftari mwaka mmoja mzima. Ukiwa na daftari, hesabu ya magunia ishirini itapata cha kupimwa nacho.

Limebaki la hatimiliki, na kwangu hili ni zito kuliko yote. Kama marehemu hakuacha wosia na mna watoto, warithi ni wewe na watoto. Shemeji si mrithi mbele yenu, na hana mamlaka ya kuchimba. Wewe una haki ya kulitumia shamba maishani mwako, kisha ni la watoto. Lakini hilo lina nguvu likipitia mahakamani. Anza kesi ya mirathi sasa, kwa barua ya chifu, usingoje ugomvi.

Na siku ya kugawa itakapofika, jihadhari na mistari. Huku kwetu saveya, mpima ardhi, hupenda kukata vipande virefu vyembamba kutoka barabarani hadi majini, kila mtoto apate njia juu na maji chini. Inaonekana haki. Matokeo yake kinamasi kimoja kinakuwa vipande vitano, na kila mmoja anachimba kamtaro kake, akisema ni kadogo. Nimeona mabonde mengi yakifa hivyo kuliko kwa trekta la tajiri yeyote. Ipo njia nyingine: ekari sita za juu zigawanywe, na zile mbili zibaki kipande kimoja chenye namba yake, kikiandikwa kwa majina ya watoto wote kama umiliki wa pamoja. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inautambua. Njia ya kwenda majini inachorwa mara moja, ya wote. Lizungumzeni sasa mkiwa mezani pamoja na shemeji, kama mkubwa wa upande wa baba yao, liandikwe, mzee wa kijiji aweke sahihi. Halafu saveya akija usimwonyeshe maji, kwa kuwa huenda akaja kiangazi. Mwonyeshe vigingi.